Cheka Uchafu, Usicheke Kilema: Ucheshi na Lugha katika Tamthilia za Televisheni za Ken Saro-Wiwa

Utangulizi

Jina la Ken Saro-Wiwa linapotajwa katika kumbi zetu za mihadhara, mambo mawili ndiyo hujitokeza kwanza. La kwanza ni kifo chake: kunyongwa kwake pamoja na Waogoni wenzake wanane katika gereza la Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995. La pili ni riwaya yake Sozaboy (1985), ambayo wahakiki wengi wameishughulikia kama jaribio la kujenga lugha ya kifasihi kutokana na vipande vya Kiingereza cha mtaani. Baina ya mtetezi wa mazingira na mwanariwaya huyu yuko Saro-Wiwa wa tatu ambaye hatajwi sana. Huyu ni mwandishi na mtayarishaji wa Basi and Company, mfululizo wa tamthilia za kuchekesha ulioonyeshwa na Shirika la Televisheni la Nigeria (NTA) kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi 1990. Mfululizo huo ulifikia takriban vipindi 150, na inakadiriwa kuwa watazamaji wake walikuwa kiasi cha milioni 30. Ni vigumu kuitaja riwaya ya Kiafrika iliyopata kufikia hadhira ya ukubwa huo katika uhai wa mwandishi wake.

Kupuuzwa kwa Saro-Wiwa huyu wa tatu si jambo la ajabu. Uhakiki wetu umerithi mazoea ya kuipanga sanaa kwa ngazi: ushairi na riwaya juu, tamthilia ya jukwaani katikati, na mchezo wa televisheni chini kabisa, karibu na matangazo ya sabuni. Kichekesho nacho hudhaniwa kuwa hakina la kuhakikiwa, kwa kuwa kazi yake huisha pindi mtazamaji anapocheka. Mwandishi wa makala haya amewahi kuulizwa na mwanafunzi wa uzamili, kwa unyofu kabisa, iwapo mtu anaweza kutunukiwa shahada kwa kusoma michezo ya televisheni. Swali hilo halikuwa la utani. Lilionyesha jinsi sisi walimu tulivyomfunza mwanafunzi huyo mahali pa kutafuta fasihi, na mahali pa kutoitafuta.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba Basi and Company ndiyo kazi ambamo mtazamo wa Saro-Wiwa kuhusu lugha na ucheshi unadhihirika wazi zaidi. Hoja yetu ya msingi ni kwamba alikuwa na msimamo thabiti kuhusu mahali ambapo kicheko kinapaswa kuangukia, na kwamba msimamo huo umefumbatwa vizuri na methali ya wahenga wetu isemayo, cheka uchafu, usicheke kilema. Tutaonyesha vilevile kwamba msimamo huo ulikuwa na mipaka yake, na kwamba unatudai sisi wa Kenya jibu ambalo bado hatujalitoa.

Safari ya Mwandishi

Kenule Beeson Saro-Wiwa alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1941 huko Bori, katika eneo la Waogoni kwenye delta ya mto Niger. Alisoma katika Government College, Umuahia, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Ibadan alikosomea Kiingereza. Akiwa huko Ibadan ndipo alipoandika kichekesho kifupi kiitwacho The Transistor Radio, ambacho baadaye kiligeuzwa kuwa mchezo wa redio na kutangazwa na BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika mchezo huo tunakutana kwa mara ya kwanza na Basi na rafikiye Alali, wanaume wawili wasio na kazi katika jiji la Lagos. Wahusika hao, kwa hivyo, waliishi na mwandishi wao kwa takriban miaka ishirini kabla ya kuonekana kwenye televisheni.

Katika miaka hiyo ishirini mwandishi alipitia mengi. Vita vya Biafra vilipozuka mwaka 1967 aliunga mkono serikali ya shirikisho, akawa msimamizi wa bandari ya Bonny, na baadaye akahudumu kama kamishna katika serikali ya jimbo la Rivers hadi alipofutwa mwaka 1973. Baada ya hapo alijitosa katika biashara. Faida ya biashara hiyo ndiyo iliyomwezesha kuanzisha kampuni yake, Saros International, iliyochapa vitabu vyake na kutayarisha tamthilia zake. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Saro-Wiwa hakuwa mwandishi aliyeajiriwa na kituo, akapewa mada na kukabidhi mswada wake kwa wengine. Alikuwa mwandishi, mtayarishaji na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na uamuzi kuhusu namna wahusika wangezungumza ulikuwa mikononi mwake. Kwa hiyo tunapouchunguza mtindo wa Basi and Company tunachunguza chaguo la mtunzi mwenyewe.

Aidha, tabia yake ya kuihamisha hadithi ile ile kutoka utanzu mmoja hadi mwingine inastahili kuangaliwa. Basi alianzia jukwaani, akaenda redioni, akaingia kwenye televisheni, kisha akarudi kitabuni katika riwaya ya Basi and Company (1987) na katika vitabu vya watoto. Mwandishi anayeona aibu kwa kazi yake ya televisheni huificha. Huyu aliieneza. Kwake, televisheni ilikuwa kituo kimoja katika safari ya hadithi, sawa na vituo vingine.

Basi na Jadi ya Ayari

Mandhari ya mfululizo huu ni Mtaa wa Adetola jijini Lagos. Basi, ambaye husisitiza aitwe Mr B, anaishi na Alali katika chumba cha kupanga. Mwenye nyumba ni mwanamke maarufu mtaani, Madam, ambaye hutamba kwa uanachama wake katika Klabu ya Dola za Kimarekani. Wapo pia Dandy mwenye baa, Josco ambaye ni mwizi mdogomdogo, na Segi, msichana mrembo. Basi huvaa fulana yenye maneno yanayomhimiza mtu anayetaka kuwa milionea afikiri kama milionea. Hivyo ndivyo anavyofanya tangu asubuhi hadi jioni: hufikiri. Kutenda hakumo katika ratiba yake.

Msuko wa vipindi hivi ni mmoja. Basi hana pesa na kodi ya nyumba imechelewa. Anabuni mbinu ya kupata mamilioni. Anawaingiza majirani katika mbinu hiyo, kila mmoja akiwa na tamaa yake na hila yake ya siri. Mbinu inaporomoka, na Basi anajikuta pale pale alipokuwa, akidaiwa kodi. Wiki inayofuata mambo huanza upya, na hakuna aliyejifunza lolote.

Mhakiki aliyezoea vigezo vya riwaya ataona hapa udhaifu. Atasema kwamba wahusika ni bapa, kwamba hawakui, na kwamba msuko unajirudia. Madai hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Bila shaka marudio hayo yanatokana kwa sehemu na mahitaji ya utanzu wenyewe: mtazamaji aliyekosa kipindi cha wiki jana sharti aweze kukielewa cha wiki hii. Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichotolewa mwaka 1900, alishaonyesha kwamba chanzo kikuu cha uchekeshaji ni pale binadamu anapotenda kama mashine, akirudia lile lile ilhali mazingira yanamtaka abadilike. Saro-Wiwa aliligeuza hitaji la utanzu kuwa hoja. Kutojifunza kwa Basi ndiyo dhamira yenyewe.

Mwandishi mwenyewe aliiita riwaya ya Basi and Company ngano ya Kiafrika ya kisasa, na alimhusisha Basi na Kuru, kobe mjanja wa ngano za Waogoni, ambazo aliziandika katika mkusanyiko wake The Singing Anthill (1991). Kwa msomaji wa Kiswahili, jambo hili linaingia akilini bila taabu. Sisi tunaye Sungura, na tunaye Abunuwasi. Hata hivyo, ulinganisho huo unadhihirisha tofauti muhimu. Mara nyingi Sungura humshinda Fisi, Simba na Ndovu kwa akili, na hadhira hufurahi kwa kuwa mnyonge amepata haki yake. Abunuwasi naye humkabili mwenye mamlaka akamwacha hana la kusema. Basi ni ayari ambaye hila zake haziishi kumrudia. Yu karibu zaidi na kobe wa ngano nyingi za Afrika Magharibi, ambaye tamaa yake humponza mara nyingi kama akili yake inavyomwokoa.

Kwa nini ayari wa kisasa ashindwe? Jibu limo katika historia ya uchumi wa Nigeria. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, na katika miaka ya 1970 yaliiletea nchi utajiri ambao wananchi wengi hawakuutolea jasho. Mwaka 1975 bandari ya Lagos ilizibwa na mamia ya meli za saruji iliyoagizwa kupita kiasi, na tukio hilo limebaki kuwa ishara ya zama za mali isiyo na mpango. Bei ya mafuta ilianguka vibaya mwaka 1986. Mwaka huo huo serikali ya kijeshi ya Ibrahim Babangida ilianzisha mpango wa kurekebisha uchumi, na thamani ya naira ikaporomoka. Basi and Company ilionyeshwa katikati ya msukosuko huo. Ndiyo maana fahari ya Madam ni klabu ya dola, na si ya naira. Ndiyo maana pia ndoto ya Basi haiwezi kuchukuliwa kuwa wazimu wa mtu mmoja. Nchi nzima ilikuwa imefunzwa kwamba mali hububujika ardhini na kwamba kazi ya mtu ni kukaa karibu na bomba.

Lugha yetu ina neno moja, kodi, kwa pango la nyumba na kwa ushuru unaotozwa na dola. Neno hilo linatufaa sana hapa. Madam anaishi kwa kodi ya Mtaa wa Adetola. Dola ya Nigeria nayo iliishi kwa kodi ya visima vya mafuta. Basi anataka kuishi kwa kodi asiyokuwa na nyumba ya kuitoza. Kati ya hao watatu, anayechekwa ni yule tu ambaye hakubahatika kumiliki kitu.

Suala la Lugha

Hapa ndipo tunapofikia kitendawili kikubwa katika kazi za Saro-Wiwa. Katika kipindi kile kile alichotoa Sozaboy, riwaya ambayo anwani yake ndogo inatangaza wazi kwamba imeandikwa katika Kiingereza kibovu, alikuwa akitayarisha tamthilia za televisheni ambamo wahusika maskini wa Lagos huzungumza Kiingereza sanifu. Katika Sozaboy, Mene, kijana mwanagenzi wa udereva wa lori kutoka kijiji cha Dukana, anasimulia jinsi alivyoingia jeshini bila kujua vita vinapiganiwa nini. Lugha yake imevunjika kwa sababu ulimwengu wake umevunjika. Iweje basi mtunzi aliyeipa lugha hiyo heshima ya kubeba riwaya nzima, aikatae katika kichekesho, mahali ambapo wengi wangedhani ndipo nyumbani kwake?

Jibu la haraka ni kwamba alikuwa na lengo la kielimu, yaani alitaka televisheni iwafunze vijana Kiingereza kizuri. Lengo hilo alikuwa nalo na hakulificha. Lakini jibu hilo haligusi kiini. Tuangalie hali ya televisheni ya Nigeria kabla yake. Kichekesho kilichopendwa kilikuwa The Masquerade, kilichobuniwa na James Iroha, ambamo Chifu Zebrudaya alivunja watu mbavu kwa Kiingereza chake cha kujikweza na kupindapinda. Ni kazi ya ubunifu mkubwa, na si nia yetu kuibeza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kicheko chake inatokana na ulimi. Mtazamaji anacheka kwa sababu anaijua lugha vizuri kumpita mhusika, au anajipa moyo kwamba anaijua.

Saro-Wiwa alikiondoa chanzo hicho cha kicheko kwa makusudi. Basi anazungumza kwa ufasaha. Sentensi zake zimekamilika na hoja zake zinafuatana. Kinachochekesha ni kwamba ufasaha huo wote unatumika kutetea upuuzi. Kicheko kimehamishwa kutoka kwenye ulimi hadi kwenye fikra, kutoka kwenye jambo ambalo mtu amezaliwa nalo hadi jambo ambalo amelichagua. Hii ndiyo maana ya methali tuliyoitanguliza. Wahenga hawakukataza kicheko. Walitenga anachoweza mtu kukiosha na asichoweza kukiosha. Lafudhi si kilema, hilo tulisisitize. Lakini jamii inayoicheka huifanya iwe kama kilema, kwa kuwa humwaibisha mtu kwa jambo lililotokana na ziwa la mamaye. Uvivu na tamaa, kwa upande mwingine, ni uchafu. Maji yapo, na sabuni ipo.

Tukilisoma suala hilo hivi, kitendawili kinafumbuka. Katika Sozaboy lugha iliyovunjika haichekwi. Tunasikia kupitia kwayo uchungu wa msimulizi, na sisi wasomaji tumo ndani ya kichwa chake. Kwenye televisheni mhusika husimama mbele yetu, nasi tuko nje yake, tumeketi sebuleni. Lugha ile ile ambayo kitabuni humfanya mtu astahili huruma, kwenye skrini yaweza kumfanya kioja. Saro-Wiwa alitambua kwamba kubadilika kwa chombo kunabadilisha uhusiano baina ya hadhira na mhusika, na hivyo kunabadilisha maadili ya lugha. Ufahamu huu wa kinadharia hautokani na kitabu cha nadharia. Umetokana na utunzi.

Iko sababu nyingine pia. Waogoni ni jamii ndogo katika nchi ya mataifa makubwa, na lugha ya mama ya Saro-Wiwa, Khana, haikuwa na nafasi ya kufika mbali kwenye televisheni ya taifa. Katika makala aliyoyachapisha katika jarida la Research in African Literatures mwaka 1992, alieleza msimamo wake kuhusu lugha ya fasihi ya Kiafrika na kutofautiana na Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa Ngũgĩ, aliyetoa Decolonising the Mind mwaka 1986, Kiingereza kilikuwa kongwa. Kwa Saro-Wiwa, Kiingereza kilikuwa uwanja ambao mtu wa jamii ndogo angeweza kusimama bila kumezwa na jirani mkubwa. Si lazima tukubaliane naye. Lakini hatuna budi kutambua kwamba swali lake lilikuwa la mtu anayeuliza ni lugha ipi itakayomfikisha kwa wengi bila kumfanya mtumwa wa baadhi yao.

Mipaka ya Kicheko

Haitakuwa haki kumsifu Saro-Wiwa bila kuangalia alichokigharamia. Gharama ya kwanza ni ya uhalisi. Mtu asiye na kazi katika mtaa wa Lagos, anayezungumza na mwizi na mwenye baa kwa Kiingereza cha darasani, ni kiumbe wa kubuni. Mtaa wa Adetola hauna lugha yake. Mtazamaji anayeutafuta muziki wa mazungumzo ya Lagos, mchanganyiko wake na kasi yake, hataupata hapo. Yamkini pia kwamba mtazamaji asiyejua Kiingereza vizuri aliachwa nje ya baadhi ya mizaha, akabaki kucheka mwendo na sura za waigizaji.

Gharama ya pili ni nzito zaidi. Tumesema kwamba tamthilia hizi zinachora uchumi wa mali isiyotoka jasho. Lakini mafuta yenyewe hayapo kwenye skrini. Hakuna kisima, hakuna mwanajeshi, hakuna kampuni ya kigeni, hakuna mvuvi wa delta ambaye maji yake yametiwa sumu. Tunayemwona ni Basi, aliye chini kabisa, akiadhibiwa kila wiki kwa tamaa ambayo walio juu waliitekeleza kwa ukamilifu na bila adhabu. Mhakiki mkali anaweza kudai kwamba tashtiti ya namna hii inamchapa mtumwa kwa kosa la bwana. Dai hilo linapata nguvu tunapokumbuka kwamba tamthilia zilionyeshwa na shirika la serikali chini ya utawala wa kijeshi, na kwamba mwaka 1987 mwandishi wake alikubali uteuzi wa serikali hiyo katika MAMSER, chombo cha kuwahamasisha wananchi kujitegemea na kufanya kazi kwa bidii.

Tunaona kwamba dai hilo lina ukweli, na kwamba Saro-Wiwa mwenyewe aliutambua. Hakukaa MAMSER kwa muda mrefu, alijiuzulu. Katika Prisoners of Jebs (1988) aliandika tashtiti inayowataja wakubwa kwa namna ambayo televisheni isingeiruhusu. Mwaka 1990, mwaka ule ule ambao Basi and Company ilifikia kikomo, vuguvugu la MOSOP liliundwa na Waogoni wakatoa hati ya madai ya haki zao. Tarehe 4 Januari 1993, watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 waliandamana kwa amani katika nchi ya Ogoni. Hatudai kwamba jambo moja lilisababisha jingine. Tunachosema ni kwamba swali lililokuwa limefunikwa na kicheko, yaani ni nani hasa anayekula bila kufanya kazi, hatimaye liliulizwa bila kicheko. Aliyeuliza alilipa kwa uhai wake. Msamaha uliotangazwa na Rais Bola Tinubu tarehe 12 Juni 2025, miaka thelathini baadaye, uliwaacha wengi wakiuliza nani anapaswa kumsamehe nani.

Kwa hiyo ni kosa kuichukulia kazi ya televisheni kuwa mchezo wa kabla ya kazi halisi. Hasira ya mwanaharakati na mzaha wa mtunzi zina mzizi mmoja, nao ni chuki dhidi ya mali iliyopatikana kwa kunyang'anya jasho la mwingine. Televisheni ilimruhusu aseme nusu yake.

Funzo kwa Uhakiki Wetu

Msomaji wa Kenya atakuwa ameshaanza kufikiria vichekesho vya kwetu. Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilivyolelewa na Sauti ya Kenya na kuendelezwa na KBC baada ya jina kubadilika mwaka 1989, vilizungumza Kiswahili. Hilo ni jambo ambalo Nigeria haikuwa nalo: lugha ya Kiafrika isiyokuwa mali ya jamii mojawapo kubwa, na inayoeleweka nchini kote. Kitendawili cha Saro-Wiwa, cha kuchagua baina ya Khana, pijini na Kiingereza, sisi tulikuwa na jibu lake mkononi. Lakini tuliifanyia nini lugha hiyo? Mara nyingi tuliivisha lafudhi za makabila na kuifanya lafudhi yenyewe ndiyo kichekesho.

Tuwe waangalifu hapa. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki mwaka 2015. Huo ulikuwa uigizaji wa hali ya juu, barakoa iliyovaliwa kwa upendo, na Wakenya wa jamii zote walimpenda mzee huyo. Aidha, vichekesho hivyo viliwapa wazungumzaji wa Kiswahili cha bara haki ya kusikika kwenye chombo ambacho hapo awali kilidhaniwa kuwa cha watangazaji wenye ulimi laini. Hayo yote ni mema. Swali ni lile la Saro-Wiwa: tunapomcheka mhusika, tunacheka alichofanya au tunacheka alikozaliwa? Katika vipindi bora vya Vitimbi jibu ni lile la kwanza, kwani ubishi na kiburi cha Ojwang' vingechekesha kwa lafudhi yoyote. Katika kazi nyingi za waigaji waliomfuata, ukiiondoa lafudhi hakibaki kitu. Baada ya yale yaliyotukumba mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, hatuwezi tena kulichukulia swali hilo kuwa la kiufundi tu. Kicheko hakikumuua mtu. Lakini kicheko kinachomzoesha mtu kumtambua jirani kwa ulimi wake kabla ya kumtambua kwa matendo yake hakiwezi kuitwa kitu kisicho na uzito.

Wajibu wetu katika idara za Kiswahili ni mahususi. Katiba ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo tamthilia za televisheni zilizoandikwa katika lugha hiyo, kama Tushauriane ya miaka ya 1980, hazimo katika silabasi zetu. Saro-Wiwa alizichapa baadhi ya hati zake kwa fedha zake mwenyewe, na ndiyo sababu leo tunaweza kuzijadili. Mtunzi wa Kenya aliyeandikia televisheni kwa miaka ishirini hana kitabu cha kuonyesha. Mwanafunzi wetu aliyeuliza swali tulilolitaja mwanzoni alistahili kujibiwa kwamba anaweza kutunukiwa shahada kwa kusoma michezo ya televisheni, mradi tumsaidie kwanza kuipata.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba taaluma ya Ken Saro-Wiwa kama mtunzi wa tamthilia za televisheni haikuwa pumziko kutoka kwenye fasihi wala kutoka kwenye siasa. Katika vipindi takriban 150 aliichukua jadi ya ngano za ayari, akaiweka katika chumba cha kupanga jijini Lagos, na kuitumia kuchunguza ugonjwa wa taifa lililoishi kwa kodi ya mafuta. Aliamua kwamba wahusika wake maskini wangezungumza kwa ufasaha ili kicheko kisipate pa kujificha: kiangukie kwenye tamaa na uvivu, si kwenye ulimi. Uamuzi huo ulimgharimu uhalisi, na chombo alichokitumia kilimzuia kuwagusa wakubwa waliostahili kuchekwa zaidi. Mapungufu hayo hayaondoi thamani ya kanuni aliyoifuata.

Watunzi wetu wa televisheni wanaweza kuichagua kanuni hiyo au kuikataa kwa hoja. Wasichoweza kufanya, wala sisi wahakiki hatuwezi kuwasaidia kufanya, ni kudai kwamba kichekesho hakina kanuni. Kila kicheko kina mahali kinapoangukia. Kazi ya mhakiki ni kupatazama mahali hapo, na kuuliza aliyeangukiwa ni nani.